Kinyago Hutaka Macho Kabla ya Patasi



Katika madarasa yetu ya elimu ya watu wazima wapo wanaotaka kujifunza kutengeneza vinyago vya pambo. Wengine wanataka kupamba nyumba, wengine kuuza. Hilo ni jambo jema. Lakini wengi huomba hivi: "Mwalimu, tupe mfano tuufuatishe." Mimi sikubaliani na njia hiyo. Anayefuatisha bila kuelewa hupata sura tu. Kwanza tujifunze kutazama.

Tutazame vinyago vya Wamakonde. Wamakonde wanaishi Mtwara, kusini ya Tanzania, na ng'ambo ya mto Ruvuma, kaskazini ya Msumbiji. Huko Msumbiji kinyago cha ngoma huitwa lipiko. Vikiwa vingi huitwa mapiko. Huvaliwa hasa katika sherehe za jando. Lipiko hufunika kichwa kama kofia kubwa, na mchezaji huonea kwenye tundu la mdomo wake.

Sasa tazama akili ya fundi. Hakuchonga lipiko kwa mpingo, kwa sababu mpingo ni mzito. Alichagua mti mwepesi, ili mchezaji aweze kucheza. Mistari ya mashavuni ni chale walizochanja Wamakonde wa zamani. Mara nyingine fundi huichonga, mara nyingine huibandika kwa nta ya nyuki. Mistari hiyo hurudiwa kushoto na kulia, na uso ukapata mizani. Vinyago vingine vina ndonya kwenye mdomo wa juu. Mdomo hutokeza mbele, na jicho lako huenda hapo kwanza. Vingine vimebandikwa nywele za watu. Shavu ni laini, kichwa kinakwaruza.

Basi hayo ndiyo mambo ya kujifunza: mstari, umbo, rangi, ulaini na ukwaru, marudio, mizani, na sehemu moja ya kuvuta jicho.

Jaribu mwenyewe. Kunja karatasi katikati. Chora nusu ya uso penye mkunjo, kata, kisha kunjua. Nusu mbili zinalingana. Hiyo ndiyo mizani. Kisha chora sura hiyo juu ya kipande cha kibuyu kikavu. Tumia mkaa kwa weusi, chokaa kwa weupe, na udongo mwekundu. Chagua sehemu moja tu uikuze: macho, au pua, au mdomo. Ukikuza vyote, hakuna kitakachoonekana.

Wapo watakaosema, "Mgeni hununua chochote, ya nini kujisumbua?" Mimi nawauliza: vinyago vya soko zima vikifanana, mnunuzi atachagua nini? Atachagua cha bei ya chini. Lakini chenye sura yake na maelezo yake kina thamani yake.

Thamani hiyo wengine wanaijua. Mwaka 1984 wezi walivunja Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kati ya vitu walivyoiba kilikuwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1985 kilinunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, nchini Uswisi. Kilirudishwa Tanzania mwaka 2010, baada ya mazungumzo ya miaka mingi. Je, mwenye mali asiyeijua mali yake ataidaije?

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, vinyago vya jando vina siri zake na wenyewe. Usivitengeneze vya kuuza bila kuwauliza wazee. Buni chako. Pili, sasa unajua kusoma na kuandika. Nenda kwa mzee mchongaji, umwamkie, ukae naye. Andika katika daftari lako jina la kinyago, mti wake, maana ya mistari yake, na jina la aliyekichonga. Mzee akiondoka kabla hujaandika, patasi yake itabaki, lakini maana itakwenda naye.

Maswali ya kujadili:

1. Kwa nini lipiko halichongwi kwa mpingo?

2. Katika kijiji chenu, ni nani anayejua uchongaji, ususi au ufinyanzi? Mtamwuliza nini?

3. Je, ni haki kuuza kinyago cha jando? Toeni sababu.