Katani Yetu Yatosha Kupamba Krismasi

Kila Desemba ikaribiapo, maduka ya miji yetu hujaa mapambo ya plastiki kutoka ng'ambo. Mzazi ambaye bado anadaiwa karo huyanunua, na sikukuu ikipita huishia jaani. Nauliza: je, nchi ikuzayo mkonge Kilifi na Taita Taveta imekosa uzi?

Mwalimu na atwae waya wa mita 1, augawe sehemu 5 za sentimita 20, na wanafunzi waukunje uwe nyota ambayo kila ncha ina nyuzi 36. Kisha wauzungushie uzi wa katani hadi chuma kisionekane. Hapo hisabati na sanaa zimekutana, kwa gharama ndogo.

Watoto wetu huunda magari ya waya bila kufunzwa. Mama zetu husuka vyondo. Ujuzi tunao. La kusikitisha ni kuwa Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, umegeuzwa na baadhi ya shule kuwa orodha ya ununuzi.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Walimu wapenzi, kabla ya kumtuma mtoto dukani, itazameni kwanza mikono yake.