Waya uliorefusha mkono wa mkoloni

Kama umri wako umepita miaka 45, bila shaka waikumbuka telegramu. Tarishi wa posta akionekana anakuja na kile kikaratasi, kina mama walianza kushika vichwa hata kabla hakijafunguliwa. Nani angelipia pesa kwa kila neno ili akuarifu kwamba ng'ombe amezaa? Maneno yenyewe yalikuwa ya kuhesabu: BABA MAHUTUTI NJOO UPESI. Vijana wa leo hawaijui, na siwalaumu. Lakini mtambo huo uliyageuza mambo ya Afrika Mashariki pengine kuliko bunduki nyingi, na juma hili nataka tuutazame.

Fikiria kwanza hali ilivyokuwa kabla yake. Habari ilikwenda kwa mwendo wa mguu wa mtu, wa farasi au wa tanga. David Livingstone alifariki mwezi Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, akina Chuma na Susi, waliukausha mwili wake na kuubeba hadi pwani. Uingereza ilipata habari za kifo chake Januari 1874. Miezi minane hivi mtu amekufa, na kwao bado wanamwombea safari njema.

Aliyeionja shubiri hiyo kwa ulimi wake mwenyewe ni Mmarekani mmoja, Samuel Morse. Huyu hakuwa fundi wa mitambo, alikuwa mchoraji. Februari 1825 alikuwa mjini Washington akichora picha ya shujaa Lafayette, mkewe Lucretia akiwa amebaki nyumbani New Haven. Barua ikamfikia kwamba mkewe amefariki. Alipofika nyumbani, mazishi yalikuwa yamekwisha. Sitasema kwamba machozi hayo ndiyo yaliyozaa telegrafu, kwa maana wazo lenyewe lilimjia mwaka 1832 akiwa melini, alipowasikia abiria wakizungumza juu ya umeme na sumaku. Lakini mtu aliyekosa kumzika mkewe kwa sababu ya barua iliyochelewa hahitaji kuelezwa thamani ya habari ya haraka.

Jambo lenyewe ni rahisi ukishalielewa. Ukipitisha umeme katika waya uliozungushwa kwenye chuma, chuma hicho kinakuwa sumaku. Ukikata umeme, usumaku unaisha. Basi mtu akibonyeza kitufe hapa, chuma kinavutwa kule mbali, ta! Pigo fupi ni nukta, pigo refu ni mstari, na kila herufi ina mapigo yake. Waingereza Cooke na Wheatstone walikuwa na mtambo wao, wenye mishale, tangu 1837. Morse akafungua laini yake kati ya Washington na Baltimore tarehe 24 Mei 1844. Na hapo ujue kwamba neno letu simu, ambalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, lilitumika kwa telegrafu kabla ya hii simu ya kuongea kufika kwetu.

Bahari ndiyo iliyosumbua. Waya ukiingia majini bila kufunikwa, umeme wote unapotea. Dawa ikapatikana katika utomvu wa miti ya huko Malaya, uitwao gutapacha, ambao hauruhusu maji kupenya. Mwaka 1851 waya ukavuka kutoka Uingereza hadi Ufaransa. Ule wa bahari ya Atlantiki uliwekwa 1858 ukafa baada ya majuma machache, na wa kudumu ukapatikana 1866. Kisha mwaka 1879 waya ukateremka kutoka Aden, ukafika Unguja, ukaendelea kusini hadi Afrika Kusini. Mombasa ikaunganishwa na Unguja mwaka 1890.

Sasa sikiliza yaliyotokea Unguja. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Kabla jua halijatua, binamu yake, Khalid bin Barghash, alikuwa ndani ya jumba la kifalme na watu wake wenye silaha. Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameifanya Unguja nchi ya ulinzi wao, walimtaka Hamoud bin Mohammed. Zamani balozi wa Kiingereza angeandika barua, akaipakia melini, akangoja majuma na majuma. Katika muda huo Sultani mpya angekwisha kuzoeleka, watu wangezungumza, wazee wangesuluhisha, na London ingekuta mambo yamepoa.

Lakini waya ulikuwapo. Basil Cave, aliyekuwa akishika ofisi ya ubalozi, aliuliza London kwa telegrafu kama ameruhusiwa kulipiga jumba kwa mizinga ya manowari. Jibu likarudi kwamba amepewa ruhusa. Khalid akapewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ateremshe bendera yake. Akakataa. Dakika mbili baada ya saa tatu mizinga ikaanza kunguruma, na katika muda wa dakika 40 hivi yote yakawa yamekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Kwa Waingereza, baharia mmoja alijeruhiwa. Vita hivyo husimuliwa kama kichekesho, vita vifupi kuliko vyote duniani. Mimi sioni cha kuchekesha. Maiti hawajazikwa, na London imekwisha pata ripoti.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimkamata huko mwaka 1916, wakamhamishia visiwa vya mbali, na mwisho akafia Mombasa mwaka 1927.

Hapa bara waya ulifuata reli, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901. Ulipoingia nchi ya Wanandi, ulikutana na watu waliouona kwa jicho jingine: shaba nzuri ya bangili na mapambo, na misumari ya reli ikawa chuma cha silaha. Serikali ikauita wizi. Hakuna aliyewauliza Wanandi kama wamekubali nguzo zisimame katika malisho yao. Waliukata waya, ukaungwa, wakaukata tena, huku majeshi yakitumwa dhidi yao mara kwa mara. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo na kapteni Richard Meinertzhagen, akapigwa risasi papo hapo. Mabaraza ya uchunguzi yalimwondolea kapteni lawama, ingawa mwaka uliofuata aliondolewa Afrika Mashariki.

Na palipokosa waya? Vita Vikuu vya Kwanza vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali Lettow-Vorbeck wa Ujerumani wakati huo alikuwa porini, katika nchi iliyo leo Zambia, bila njia ya kupata habari kutoka kwao. Mapigano yakaendelea hadi Waingereza walipompelekea habari ya amani. Alisalimisha silaha mjini Abercorn, siku hizi Mbala, tarehe 25 Novemba, majuma mawili baada ya Ulaya kupiga kengele za furaha. Wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo, wa pande zote mbili, walikufa kwa maelfu kwa maelfu. Kwa wengi wao hakuna telegramu iliyotumwa nyumbani. Jina la kikosi chao kwa upande wa Waingereza, Carrier Corps, ndilo lililobaki Nairobi na Dar es Salaam kama Kariokor na Kariakoo.