Boliti ya Breki Si Nywila

Wadau, leo naacha misimbo kidogo niseme kuhusu breki, maana ugonjwa ni ule ule.

Pwani hii yetu, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, chumvi ya bahari inakula chuma. Pini za kalipa zikishika kutu haziteleziki tena, pedi ya upande mmoja inaisha mapema na gari linavuta. Dawa si siri: fungua, safisha, badilisha mipira, paka grisi ya breki, funga. Kwenye Toyota nyingi fundi anaingia na spana zake za kawaida na kazi imekwisha.

Sasa mpelekee Golf. Pini za kalipa kwenye Volkswagen nyingi zina tundu la pembe sita la milimita 7. Hebu fungua seti ya alenki ya dukani uhesabu: 4, 5, 6, 8, 10. Saba iko wapi? Seti nyingi hazina! Basi fundi anagongomea 6 iliyozungushiwa kitambaa, tundu linakuwa duara, kisha anachomelea nati juu ya kichwa. Moto ule unaunguza mpira wa pini. Gari linatoka gereji na breki mbovu kuliko lilivyoingia, na hilo ndilo litakaloteremka kuelekea daraja la Kilifi limejaa watoto.

Mtaniambia fundi ni mzembe. Sikubali. Aliyechora pini ile alijua itafunguliwa mara nyingi, na hakuona shida kuchagua kipimo ambacho watu hawanacho.

Wengine watasema kichwa kigeni kina sababu. Kweli, kipo chenye sababu. Torx, ile nyota ya ncha sita iliyotoka Camcar mwaka 1967, hairuki ovyo kama msalaba wa Phillips, na vipimo vyake vimo kwenye kiwango cha ISO 10664. Kiwanda chochote kinatengeneza biti yake. Huo ni ugeni ulio wazi, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na ncha tano za Apple za mwaka 2009, na ombi la hataza la BMW lililochapishwa 2025, la skrubu yenye kichwa cha umbo la nembo yao. Hiyo si ya kalipa, najua. Lakini tabia hiyo ikianza haibaki kwenye viti.

Na iliyo mbaya zaidi haina hata kichwa. Kwenye magari mengi yenye breki ya mkono ya umeme, pistoni ya nyuma inasukumwa na mota, na bila skana hairudi. Ukiilazimisha kwa klampu unaua mota. Boliti hiyo ni programu, bwana, imeandikwa na watu wa kazi yangu!

Ninachodai: kipimo cha kila kichwa kiandikwe kwenye kitabu cha gari, na amri ya kurudisha pistoni iwe kwenye dashibodi. Kwa sasa, mwenye Golf, nunua biti ya 7, iweke kwenye buti pamoja na jeki. Fundi akisema haihitaji, chukua ufunguo wako uondoke.