Kama Nafasi ya Kwanza Haina Uzito, Inanunuliwa kwa Nini?

Wasomaji, mmewasikia wanaosema kwamba kivinjari kinachokuja na simu hakimfungi mtu. Zipimeni hoja zao.

Kubwa ni hii: mtumiaji yuko huru, asiyeitaka Safari, kivinjari cha Apple, aingie kwenye mipangilio abadili. Kwenye iPhone uhuru huo haukuwapo tangu 2007 hadi mfumo wa iOS 14 ulipotoka Septemba 2020. Ungeweza kupakua kivinjari kingine, lakini kiungo ulichogusa kwenye barua pepe yako kilifungukia Safari. Na hata pale njia ya kubadili ipo, kampuni zenyewe zinajua wengi hawaifuati. Mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili injini yake ya utafutaji itangulizwe ndani ya Safari. Mwaka 2006 Google hiyohiyo ililalamika kwa serikali ya Marekani kwamba Internet Explorer 7 inaitanguliza injini ya Microsoft. Huo ni utafutaji, si kivinjari, lakini mazoea yanayofanya kazi ni yaleyale. Aliyelalamikia nafasi, kisha akailipia mabilioni, ameshatoa ushahidi wa thamani yake.

Wanasema pia Chrome iliishinda Internet Explorer iliyokuja na Windows, kwa hiyo kilicho bora hushinda. Chrome ilishinda kweli. Ila tangu 2008 ilinadiwa kwenye ukurasa wa mwanzo wa Google, mmoja wa kurasa zinazofunguliwa zaidi duniani. Netscape, kivinjari kilichoshindana na Internet Explorer kabla yake, haikuwa na msuli huo, ikazama.

Kisha usalama: katika nchi nyingi Apple hudai vivinjari vyote vya iPhone vitumie injini yake, WebKit, ili kumlinda mtumiaji. Basi Chrome na Firefox za iPhone zimejengwa juu ya injini ya mshindani wao, na kasoro moja ya WebKit huzikumba zote kwa pamoja. Kwenye kompyuta za Mac, Apple hiyohiyo huruhusu injini nyingine. Kama ni hatari, mbona huko inaruhusiwa?

Hoja ya mwisho, kwamba kumwonyesha mtu orodha ya vivinjari achague hakubadili kitu, imeshajaribiwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ilianza kuilazimisha Apple kufanya hivyo Machi 2024, na Brave na Mozilla zote zikaripoti ongezeko la watumiaji. iPhone inayonunuliwa Nairobi au Dar es Salaam haimuulizi mwenyewe anataka kivinjari kipi.