Picha zikigoma kutoka Baraka, si lazima kosa liwe la antena

Tarehe 7 Agosti 2017, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini RDC, iliagiza kampuni za simu zipunguze hadi kiwango cha chini kabisa uwezo wa kutuma picha kwenye mitandao ya kijamii. Sababu iliyotolewa ni kuzuia picha zisizofaa. Kesho yake upinzani ulikuwa umeitisha siku 2 za mji kufa.

Intaneti ikifungwa yote, kama ilivyokuwa kuanzia 31 Desemba 2018 hadi 19 Januari 2019, kila mtu anajua. Ikibanwa upande wa kutuma tu, maandishi yanapita, picha inazunguka bila kufika, na mkaazi wa Fizi au Baraka analaumu antena.

Mwaka huo wa 2017, wilaya ya Fizi ilikuwa na mapigano kati ya FARDC na wapiganaji wa William Yakutumba. Penye vita, picha ndiyo hutenganisha habari na uvumi.

Kupunguza ukubwa wa picha au kungoja usiku husaidia mtandao ukilemewa, lakini hakuondoi amri. Raia anastahili kuambiwa nani amebana, kwa nini, na hadi lini.