Moyo wa kinda hauendi kwa hesabu ya 220

Mpe kila mchezaji mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo, kisha waambie wazunguke uwanja kwa kasi moja. Mmoja atasoma 145 kwa dakika, mwingine 180. Kwa macho, wote wako fiti.

Shida inaanza kocha anapotumia ile hesabu ya 220 toa umri kwa kikosi kizima. Kinda wa miaka 20 anapewa kilele cha 200, kumbe moyo wake unaweza kuishia 188. Akiambiwa akimbie kwa asilimia 90, yaani 180, mwenzenu yuko kwenye asilimia 96. Apigishwe hivyo wiki nzima, halafu Jumamosi miguu ikigoma sisi jukwaani tunamwita mvivu!