Kelele Si Nguvu: Acheni Kutoboa Ekzosi

Vijana wenzetu wa Mbugangari, na ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma hapa, leo tunaongea juu ya kitu ambacho wengi wanakiona kidogo: bomba la moshi la pikipiki. Tunasema wazi. Kutoboa ekzosi ili ipige kelele ni kutupa pesa, ni kuharibu mashine, na katika mtaa kama huu wetu ni kuwaumiza watu wetu wenyewe.

Tunajua jinsi inavyofanyika. Kijana anapata pikipiki, Boxer au TVS. Mara nyingi si yake, ni ya bosi, na kila jioni anapeleka hesabu. Kabla ya kumaliza mwezi anaenda kwa fundi: "Nitolee sauti bwana." Fundi anakata ekzosi, anang'oa vibati na vijibomba vya ndani vinavyopunguza mlio, anachomelea tena. Mwenye pesa zaidi ananunua bomba fupi lenye stika ya Yoshimura au Akrapovič. Jamani, hao ni watengenezaji wa Japani na Slovenia, majina yao yamejulikana kwa pikipiki za mashindano. Bomba la bei ya chee pale sokoni halijawahi kuiona Japani. Umelipia stika.

"Lakini inaongeza nguvu." Nguvu ipi? Pikipiki ya abiria ina silinda moja ndogo. Bomba lake, kabureta yake na vali zake vilipimwa pamoja kiwandani. Ukibadilisha bomba peke yake, mwendo wa hewa na petroli unabadilika na hakuna aliyegusa kabureta. Mara nyingi unachopoteza ni nguvu ya chini, ile ile unayoihitaji kupanda mlima na abiria na gunia lake. Halafu kumbuka tunakaa wapi. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na kwa sababu hiyo injini ile ile hapa ina nguvu pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ikiwa Mombasa. Hakuna bomba litakalokurudishia hewa hiyo. Wazee walishasema: debe tupu haliachi kuvuma.

"Inanilinda na ajali, magari yananisikia." Mdomo wa bomba unaangalia nyuma. Gari linalokuja mbele yako, vioo vimefungwa, redio imefunguliwa, litakusikia ukishafika. Kinachokulinda ni breki, taa na honi. Na masikio yako je? Wataalamu wa afya kazini wa NIOSH, Marekani, wanasema mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3, muda huo unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Abiria anashuka baada ya dakika kumi. Wewe motari uko juu ya kelele hiyo tangu asubuhi mpaka usiku.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika Goma, mabomu yalivuka mpaka na kuua watu huku Rubavu. Mlio ule hatukuhadithiwa. Kati yetu kuna waliokimbia wakati ule, kuna waliokimbia vita vya kabla yake, na kuna majirani zetu Wanyarwanda waliolala sakafuni hapa hapa nyumbani kwao. Halafu wewe, saa nne ya usiku, unashuka na pikipiki, unazima swichi na kuiwasha tena makusudi, ili petroli ambayo haijaungua ilipuke ndani ya bomba la moto. PA! PA! Wewe unacheka. Ndani ya nyumba mtoto ameshaingia chini ya kitanda, na mama anatafuta sandali na makaratasi yake gizani. Huo mchezo ni wa nani?

Kuna wanaojibu, "Ni hao Wakongomani ndio wenye fujo." Uongo. Wanaotoboa wako pande zote, wenye kitambulisho cha ukimbizi na wenye kitambulisho cha taifa. Ila ukikamatwa, hampotezi sawa. Sheria ya mazingira ya Rwanda ya 2018 inahesabu kelele kuwa kosa la kuadhibiwa. Pikipiki ikizuiliwa, bosi atampa mtu mwingine kazi kesho, na wewe mkimbizi utaanza upya kutafuta atakayekuamini. Yote hayo kwa ajili ya mlio?

Na ninyi wa mashirika, hatuwaachi. Mnatuita kwenye vikao vya kutuliza mshtuko, tunapumua taratibu, tunachora. Ni vizuri, endeleeni. Lakini tukitoka nje, mlipuko wa kwanza unapita barabarani na mafunzo yote yanayeyuka. Mnafundisha vijana ufundi wa pikipiki, mnawapa sanduku la spana na cheti. Ekzosi mnaigusa siku ngapi? Fundi anatoboa kwa sababu kutoboa kunalipa. Mpeni ujuzi wa kufunga vizuri, na gasketi za kuanzia, naye atapata cha kumwuzia mteja. Tena, Kigali tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa ni za umeme tu, na hizo hazina ekzosi kabisa. Upepo huo utafika huku. Tunaomba tuingie kwenye mikopo yake mapema, tusiishie kwenye picha za ripoti.

Kama ekzosi yako imeoza kweli na lazima ubadilishe, fanya hivi. Nunua ya modeli yako, yenye shingo ya upana ule ule. Mulika ndani kwa tochi ya simu: ukiona mwanga upande wa pili moja kwa moja, haina kitu ndani, iache. Hakikisha ina bati la kukinga joto, maana bila hilo mguu wa abiria ndio unaungua.

Fanya kazi injini ikiwa imepoa. Toa gasketi ya zamani, weka mpya, usirudishe ile iliyobanwa. Shika nati zote kwa mkono kwanza, za shingoni na boliti ya nyuma. Kisha kaza za shingoni kidogo kidogo, hii halafu ile, mwisho kaza ya nyuma. Ukikaza upande mmoja na kuvuta bomba kwa nguvu, utavunja boliti au bomba litapasuka kwenye weldi. Washa pikipiki nje, usiwashe ndani ya chumba, moshi wake unaua. Sikiliza shingoni: ukisikia "tsi tsi tsi" au baadaye ukaona masizi meusi pale, hewa inapita, fungua urudie. Kesho yake kaza tena nati.

Mafundi wa kikundi chetu wamekubaliana: hakuna anayekata ekzosi ya mtu tena, hata mteja akiongeza franka. Kama yako imeshatobolewa, ilete. Tutakwambia kama inaweza kurudishiwa vya ndani au imekwisha, na kukuangalizia hatutakudai kitu. Mtumie andiko hili kila motari unayemjua, na wa kwanza awe yule anayepita usiku.